Kasongo, Unanisikia?

Kabambare, Jumanne 2 Februari 1954

Nina madaftari mawili. Moja ni la serikali, lina jalada gumu jeusi, na humo naandika kwa Kifaransa: saa, mita, nguvu ya sauti, sahihi. La pili ni hili. Mke wangu Véronique alinipa juzi, kabla hajapanda kamio, lori la abiria, kwenda Kasongo kumwuguza mama yake. Alisema, “Uandike, Raphaël. Nikiondoka hutakuwa na mutu wa kugombana naye, utagombana na mashine.” Ananijua huyo mwanamke. Leo nimegombana na mashine tangu asubuhi.

Mashine yenyewe ni TSF, simu isiyohitaji waya wa kuunganisha mji na mji. Unagonga nukta na mistari, hewa inapeleka. Mimi, Raphaël Musafiri, ndiye Mbangubangu wa kwanza kukaa peke yake mbele ya mashine hiyo hapa kwetu, na sitajifanya mnyenyekevu: siku nilipoingia nayo Kabambare niliipakata njia nzima, na nilifurahi kila aliponitazama mtu.

Lakini imeletwa kwa majaribio. Bwana Claes, fundi Mbelgiji wa TSF kutoka Kindu, alinipa masharti mguu wake mmoja ukiwa tayari garini. Kasongo ikinisikia kabla ya mwisho wa Machi, mashine itabaki na mimi nitabaki nayo. Isiponisikia, atakuja kuichukua, nami nitarudi kugonga mihuri kwenye barua za watu.

Kasongo ni kilomita mia na kumi kutoka hapa. Kule yuko Jean-Baptiste, niliyesoma naye darasa moja. Yeye ana mashine kubwa ya kuendeshwa na injini, kwa hiyo mimi namsikia, ingawa kwa mbali sana. Yangu ni ndogo, na umeme wake unatoka kwenye pedali anazokanyaga Michel, karani wa posta. Tunaita saa moja asubuhi, saa sita mchana na saa kumi jioni. Nguvu ya sauti tunaihesabu kuanzia sifuri hadi tano.

Leo tumeita mara tatu. Kasongo: sifuri.

3 Februari

Sifuri.

4 Februari

Sifuri. Mvua tangu alfajiri. Michel anasema mapaja yake si yake tena.

Jumamosi 6 Februari

Nimepata dawa. Waya wetu wa kurushia mawimbi unaning’inia wima kwenye mti wa mvule nyuma ya posta, lakini unaishia mita kumi tu. Marehemu baba yangu alikuwa mpiga ngoma wa chifu. Ile ngoma yake ya gogo hakuipiga bondeni hata siku moja. Aliibebesha watu hadi kilimani, na akaniambia kwamba sauti ya chini huliwa na majani. Bwana Claes naye alisema vilevile kwa Kifaransa: juu, juu uwezavyo. Mzungu na baba yangu wakikubaliana, mimi ni nani nibishe?

Basi nikafunga mshipi wa kupandia michikichi, nikapanda mvule hadi mita kumi na nane.

Chini alisimama jirani yangu Mwanvua, mwanamke wa makamo, mwuza mihogo ya kukaanga, ambaye miti yake ya kuanikia nguo imepakana na ukuta wa posta.

“Karani, unatafuta nini kule juu?”

“Natafuta Kasongo, mama.”

“Kasongo haiko kule juu. Iko kule,” akanyoosha mwiko kuelekea magharibi.

Halafu akafanya kile anachofanya kila siku. Dada yake Marie analima nyuma ya kilima. Mwanvua anapotaka kumwita hamgeukii. Anageukia lile jabali jeupe upande wa pili wa bonde na kulipigia kelele jabali.

Nikamwambia toka mtini, “Mama Mwanvua, dada yako iko nyuma yako! Unasemea jiwe?”

“Kilima inakula sauti. Jiwe haikule. Mimi minatupia jiwe, jiwe inatupia Marie.”

Nilicheka mpaka nikakaribia kuanguka. Watu wa kwetu hawa, ukiwaachia sayansi wataikaanga na mihogo.

Saa kumi: sifuri.

Jumanne 9 Februari

Maajabu. Jana jioni, jua likizama, nilikuwa naijaribu tu mashine, na nikajibiwa. Si na Kasongo. Na Stanleyville! Zaidi ya kilomita mia sita, na opereta wa kule akagonga: “Kabambare, nguvu nne, wewe ni nani?” Nikacheza peke yangu chumbani.

Leo asubuhi furaha imenitumbukia nyongo. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Yangu inampiga nyoka wa Stanleyville na kumwacha huyu aliye mlangoni. Nilimwuliza yule opereta kama angeweza kuwa anapokea habari zangu na kuzirudisha Kasongo. Akasema hana ruhusa, na tena mchana hanisikii kabisa. Ni jua linapochomoza na linapozama tu.

Kasongo: sifuri, sifuri, sifuri.

12 Februari

Sifuri. Véronique ameandika kwamba mama anaendelea vizuri kidogo. Anauliza kama nakula.

Jumatano 17 Februari

Siku tatu nilikuwa njiani. Nilitaka kujua sauti yangu inafia wapi, kama mtu anayefuata nyayo za mbuzi wake aliyepotea. Nilimfundisha Michel kugonga herufi moja, nukta tatu na mstari, huku akikanyaga, kila saa kwa dakika kumi. Mimi nikafunga redio ndogo ya betri nyuma ya kinga, baiskeli yangu, nikashika barabara ya Kasongo.

Kilomita tano: nguvu tano. Nikapiga filimbi.

Kilomita kumi: nne. Kilomita ishirini: mbili na kidogo, msitu mzito, majani yanadondosha maji.

Darasani tulifundishwa kanuni: ukienda mbali mara mbili, nguvu haibaki nusu, inabaki robo. Nilipokuwa mwanafunzi niliikariri bila kuielewa. Njiani nimeielewa. Sufuria ya wali ni ileile moja, lakini duara la wanaokula linapanuka kila upande. Ukilipanua mara mbili kwa urefu na mara mbili kwa upana, kila mtu anapata robo ya kile alichopata mwanzo. Na msitu mbichi nao ni mgeni asiyealikwa, anachota mkono mzima.

Kwenye daraja la mbao la kilomita thelathini na nane nilipata nguvu moja, tena kwa kuziba sikio la pili. Hapo anakaa Heri, mzee wa barabara, anayefukia mashimo na kulinda daraja. Alinipa maji na ndizi, akaniuliza nasikiliza nini.

“Nasikiliza mimi mwenyewe, nikiwa Kabambare.”

Hakucheka. Alinipeleka chini ya daraja, akachoma nguzo kwa kisu chake; kisu kikaingia hadi mpini.

“Unaona? Imeoza. Kila mwezi minapeleka habari kwa wakubwa. Hapana mutu anasikia.”

Nilimtazama, nikaona aibu kidogo. Nilidhani mimi peke yangu ndiye ninayeita bila kujibiwa.

Kilomita arobaini na tano: sifuri. Nilikaa pale njiani kwenye tope nikasikiliza dakika kumi zote. Zimebaki kilomita sitini na tano hadi Kasongo, na sauti yangu imekwisha. Nilirudi nikiwa nimechoka na nimekasirika, na Michel akaniuliza, “Iko muzuri?” Nikamjibu vibaya. Hakustahili.

Jumatatu 1 Machi

Nimepandisha waya hadi mita ishirini na tano. Mvule hauna tawi la juu zaidi linaloweza kunibeba. Mwanvua alisema nikianguka nisiangukie nguo zake.

2 Machi

Stanleyville jioni: nguvu nne na nusu. Kasongo: sifuri.

3 Machi

Sifuri.

Jumatatu 8 Machi

Barua ya Bwana Claes. Mistari mitatu. Mashine ni dhaifu kwa umbali huo, hilo ni jambo la hesabu na halina lawama kwangu. Atafika tarehe 31 na kasha. Niiweke mashine safi.

“Halina lawama.” Angenitukana ningeumia kidogo.

Mchana Michel alikataa kukanyaga. Aliweka miguu chini, akaniita yaya, yaani kaka mkubwa, kama kawaida yake, akasema, “Yaya Raphaël, mimi niko karani wa posta, mimi si punda ya mashine. Wiki tano! Mashine ilisha kufa, wewe unaimbia maiti.” Nikamwambia kama ni uvivu aseme ni uvivu. Akavaa kofia, akaenda zake. Nimekanyaga mwenyewe kwa miguu huku nikigonga kwa mkono, herufi zikatoka zinayumba kama mlevi.

Kasongo: sifuri. Lakini andiko moja liingie humu, maana daftari jeusi halina nafasi yake. Kila siku, saa zote tatu, Jean-Baptiste hukaa kwenye mashine yake na kuniita, kisha hunyamaza dakika kumi kunisikiliza, kisha hugonga: “Sikusikii, ndugu. Kesho.” Wiki tano hajakosa hata mara moja. Darasani nilimwona mtu wa majivuno, mpenda viatu. Nilikosea.

15 Machi

Mvua. Sifuri. “Kesho.”

19 Machi

Mvua. Sifuri. “Kesho.”

Jumatatu 22 Machi

Barua ya Véronique. Mama amepona, anarudi! “Nitapanda kamio ya Bwana Ramazani Ijumaa tarehe 26, baada ya swala ya mchana. Tuko watu wengi, wanawake wa soko na watoto. Uweke maji ya kuoga na usinifiche kama umekonda.” Bwana Ramazani ni mfanyabiashara wa Kasongo, kamio yake haiondoki Ijumaa kabla dereva na utingo wake hawajaswali, na baada ya hapo haimsubiri hata gavana.

Atanikuta na siku tano za mwisho za kazi yangu. Nimefagia nyumba.

Alhamisi 25 Machi

Tufani saa kumi na moja jioni. Sijapata kuona upepo wa namna hii. Mvule umekatika juu, na sehemu iliyoanguka imeteremsha waya wangu wote. Hapakuumia mtu. Nilitoka kwenye mvua nikautazama: umetoka dirishani, ukalala juu ya bati la posta, ukavuka hadi kwenye miti ya Mwanvua ya kuanikia nguo na kujisokota huko. Kimo cha mita nne, labda.

Mvule umebaki shina tupu lisilo na tawi. Hakuna pa kuupandishia tena. Sikulia, lakini sikula.

Ijumaa 26 Machi

Leo nitaandika mengi.

Asubuhi nilikuwa nimeshaanza kupangusa mashine kwa ajili ya kasha la Bwana Claes. Saa tano na nusu mlango ukasukumwa akaingia Heri, yule mzee wa daraja. Tope hadi kifuani. Alikuwa amebeba kinga begani, maana gurudumu la mbele lilikuwa limepinda. Alikaa chini bila kuambiwa.

“Karani. Daraja haiko tena. Ilienda na mayi katikati ya usiku. Yote. Minatembea tangu saa hiyo.”

Nikampa maji. Kisha maneno yake yakanifika sawasawa. Leo ni Ijumaa. Kamio ya Ramazani inaondoka Kasongo baada ya swala. Kwa barabara ya tope itafika darajani saa moja usiku, gizani. Kutoka upande wa Kasongo barabara inashuka kona kali, kisha daraja papo hapo. Dereva anaijua kona ile kwa moyo. Huipita kwa kasi ili apate nguvu ya kupanda upande wa pili. Ndani yumo Véronique.

Nikasema, “Heri, mutu mwingine anaweza kuvuka, awangoje upande ule?”

“Mayi imejaa mpaka juu ya miti. Hapana mutu anavuka.”

Mkuu wa wilaya yuko safarini. Gari lake liko naye. Hata lingekuwepo lingekwenda wapi? Kulikuwa na njia moja tu, nayo ilikuwa mashine ambayo kwa wiki saba haijasikiwa Kasongo, na waya wake ulikuwa kwenye kamba ya nguo.

Nikatoka nje mbio. Mwanvua alikuwa anajaribu kuchambua kitenge chake kutoka kwenye waya.

“Mama, acha! Usiguse! Acha kila kitu vile iko!”

Aliniona uso, hakuuliza. Aliivuta tu miti yake miwili ikakaa imara, akasimama akiushikilia mmoja kwa mikono yote miwili, kitenge kikiwa bado kinaning’inia.

Niliporudi ndani, Michel alikuwa ameshakaa kwenye pedali. Sikujua nani amemwambia. Hakunitazama. Alisema tu, “Piga, yaya.”

Saa sita kasoro dakika kumi niliita Stanleyville. Kimya. Mchana hawanisikii, nilijua, lakini nilijaribu.

Saa sita kamili nikasikia Kasongo inaniita, kama kila siku. Jean-Baptiste alimaliza, akanyamaza anisikilize. Sikuweka namba ya habari, sikuweka salamu wala neno la Kifaransa. Niligonga: “Daraja la kilomita 38 limevunjika. Zuia kamio ya Ramazani. Daraja limevunjika. Zuia kamio.” Mara tatu. Miguu ya Michel ilikuwa inalia kwenye pedali.

Kisha nikasikiliza.

Kimya kilikuwa kirefu. Nikajiandaa kusikia lile neno “Kesho”, na nikajua nikilisikia leo nitapasuka.

Badala yake yakaja haya, wazi, karibu: “Nguvu nne. Nani anagonga?”

Nilimgeukia Michel, nikamwonyesha vidole vinne. Nikagonga: “Raphaël. Kabambare.”

Jean-Baptiste akajibu: “Acha mchezo. Kabambare ni sifuri. Wewe uko hapahapa mjini. Nani amekupa mashine?”

Mungu wangu! Wiki saba namlilia anisikie, na siku ananisikia anasema nasikika mno! Saa ukutani ilikuwa sita na dakika tisa. Huko Kasongo watu walikuwa wanatawadha.

Nikajilazimisha kuwaza. Kila opereta ana mkono wake. Kama mwendo wa mtu, huwezi kuuficha. Mimi nina kilema kimoja ambacho mwalimu alinipigia rula: mstari wa mwisho wa herufi K nauvuta, kila mara, na Jean-Baptiste alikuwa anauiga kunichekesha darasani. Nikagonga K kumi mfululizo, kwa ule mvuto wangu mbaya wote, na baada yake: “Véronique yumo ndani ya kamio.”

Sekunde tatu. Nne.

“Mkono ni wako. Naenda.”

Ndipo kimya kikaanza upya, na hiki kilikuwa kibaya kuliko kile cha kwanza. Michel aliendelea kukanyaga ingawa sikuwa natuma kitu. Nilimwambia apumzike, akakataa. Heri alikaa sakafuni, mikono kichwani. Dirishani nilimwona Mwanvua bado ameshika mti wake, mvua imeanza tena na inamlowesha, naye hasogei. Dakika arobaini na moja. Nilizihesabu.

“Kabambare. Kamio imezuiwa. Ilikuwa imewashwa. Watu ishirini na sita. Mkeo yuko hapa karibu yangu. Anasalimu. Anauliza kama umekula.”

Nilivua visikizi masikioni nikaviweka mezani. Nikalia mbele ya Michel, mbele ya Heri, mbele ya picha ya mfalme ukutani, na sikujali hata kidogo. Michel alinyanyuka, miguu ikamkataa, akaanguka, akawa anacheka sakafuni huku analia. Nilimpigia magoti kumwomba radhi kwa lile neno la uvivu.

Dirishani Mwanvua akauliza, “Karani, naweza kuacha muti sasa?”

Jumapili 28 Machi

Jean-Baptiste amenigongea kisa chote. Nguvu nne, saa sita. Alikimbia hadi msikitini, upande wa pili wa mji, amevaa kaptula yake ya kazi, yeye Mkatoliki wa kuimba kwaya, akasimama mlangoni hajui avue viatu aingie au apige kelele. Swala ilikuwa imekwisha, imamu alikuwa anaomba dua. Alivua viatu vyake vile anavyovipenda, akapita katikati ya watu hadi mbele, akamnong’oneza imamu. Imamu akasimamisha dua na kutangaza: daraja la Kabambare limevunjika, kamio isiondoke. Dereva hakuwa tena ndani. Alikuwa ameswalia nyuma, karibu na mlango wa nje, na alikwisha kutoka kuwahi safari. Imamu akamtuma kijana mwenye mbio. Kamio ilikuwa imewashwa. Viatu vya Jean-Baptiste havijapatikana mpaka leo, na Bwana Ramazani ameapa kumnunulia jozi mbili.

Bwana Ramazani ameniletea salamu kupitia mashine: “Kabambare, mwanangu, mlango wangu ni wako.”

Jumanne 30 Machi

Siku nne mfululizo nguvu nne, mara moja tano. Sasa lazima nijue kwa nini, maana sitaki kuwa mtu aliyeokolewa na upepo bila kuelewa.

Leo asubuhi nilikaa nje na chai. Mwanvua akatoka, akakipa kilima kisogo, akalipigia jabali kelele: “Marieee! Leta chumvi!” Na nyuma ya kilima Marie akajibu. Chai ikanimwagikia.

Darasani walituambia kwamba juu sana, mbali kuliko mawingu, kuna tabaka la hewa linalorudisha mawimbi ya redio chini. Walisema linasaidia habari za mbali, na mimi nikaliweka kwenye fungu la mbali. Waya wangu uliposimama wima, ulitupa mawimbi kando, pande zote. Yale yaliyotambaa chini yaliliwa na umbali na msitu kabla ya kilomita hamsini. Yale yaliyopaa kidogo yaliruka juu ya kichwa cha Jean-Baptiste na kutua Stanleyville. Kadiri nilivyopanda mti, ndivyo nilivyozidi kuiruka Kasongo. Waya ulipolala chini, kwenye kamba ya nguo, ukatupa juu moja kwa moja. Tabaka likarudisha chini, hapahapa karibu, na hakuna kilima wala jani njiani.

Kilima kinakula sauti. Jiwe halili. Alinieleza yote tarehe 6 Februari, na mimi niko juu ya mti nacheka.

Nimekwenda kumwomba radhi. Amesema radhi ni sawa, lakini anataka pia miti mipya ya kuanikia nguo, maana ile ya zamani sasa ni ya serikali.

31 Machi

Bwana Claes hakuja. Hakuna daraja. Nimemjulisha kwa TSF kupitia Kasongo kwamba namngoja.

Jumanne 6 Aprili

Véronique amefika! Walivushwa kwa mtumbwi, upande huu wakachukuliwa na gari la wilaya. Anasema nimekonda. Nilimkumbatia barabarani mbele za watu, na wazee wakatazama pembeni. Heri anasimamia ujenzi wa daraja jipya; safari hii wakubwa wanamwuliza yeye nguzo zikae wapi.

Jumatano 14 Aprili

Bwana Claes alifika jana kwa daraja la muda la Heri, na kasha lake tupu. Kitu cha kwanza alichokiona ni waya kwenye miti ya nguo. Akawa mwekundu.

“Nani amekuambia uushushe? Upandishe juu!”

Nikasema, “Bwana, saa sita inakaribia. Usikilize kwanza.” Sikuwahi kumwambia Mzungu asubiri.

Alisikiliza. Alimwuliza Jean-Baptiste nguvu, akapata jibu la tano. Akauliza mara ya pili. Akatoka nje, akaupima waya kwa hatua zake, akatazama angani muda mrefu, akanirudia. Kasha amelirudisha garini. Mashine inabaki. Mimi nabaki nayo, kwa barua yenye muhuri, na muhuri huo sikuugonga mimi.

Jioni niliona ripoti yake mezani. Ameandika kwamba waya ulishushwa kwa maelekezo yake. Kwa dakika moja damu ilinichemka. Kisha nikakumbuka kwamba Kifaransa ni cha daftari jeusi. Humu ukweli umekwisha kuandikwa, na tarehe zake.

Leo saa sita nilimwita Mwanvua ndani, nikamkalisha kwenye kiti changu na kumvisha visikizi. Michel akakanyaga. Nilimwomba Jean-Baptiste aseme na mama mwenye antena, na yeye akagonga salamu ndefu kwa nguvu zake zote, kilomita mia na kumi za msitu na mvua katikati yao.

Mwanvua akashtuka, akavisogeza visikizi mbali na masikio.

“Karani, mwambie huyu mutoto apunguze kelele,” akasema. “Mimi si kiziwi.”